Kwa Nini Riwaya Hii na Si Ile? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Riwaya Kipenzi

Tuna kikundi kidogo cha kusoma hapa Dar es Salaam. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, watu kumi au kumi na wawili, chai na maandazi. Wageni huja na maswali yale yale, na wenyeji huyarudia wakijifanya wameyasahau majibu. Nimeyaandika hapa ili chai isiwe inapoa.

## Ya kuanzia

1. Riwaya kipenzi ndiyo riwaya bora niliyowahi kusoma?

Si lazima. Ukiniuliza ni riwaya gani ya Kiswahili iliyojengwa kwa ustadi kuliko nyingine, nitakutajia moja. Ukiniuliza ni ipi ninayoitia kwenye begi nikisafiri, nitakutajia nyingine kabisa, na sioni aibu.

Mtu anayeipenda riwaya kweli utamjua ukimwomba akutajie kasoro zake. Atazitaja zote, tena kwa mpangilio, kuliko hata yule anayeiponda. Mimi kipenzi changu ni *Kuli* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, inayohusu wapagazi wa bandarini Unguja na mgomo wao wa 1948. Najua wazi kwamba kuna mahali makuli wanazungumza kana kwamba wamepanda jukwaani. Nikifika hapo natabasamu, nasonga mbele. Angekuwa mwandishi mwingine ningefunga kitabu. Kwa hiyo swali la maana si "nini kizuri humu?" bali "ni makosa gani niko tayari kuyasamehe?" Hapo ndipo ladha ya mtu inapojificha, na karibu majibu yote yanayofuata yanarudi hapo hapo.

2. Mwalimu alitufundisha kuna "riwaya pendwa". Si ndiyo hiyo?

Hapana, na neno hili limewachanganya wengi. Katika uhakiki wa Kiswahili, "riwaya pendwa" ni jina la aina: hadithi za upelelezi, ujasusi, mapenzi na vitisho, zilizoandikwa zisomwe na watu wengi kwa burudani. Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, yumo humo, na Joram Kiango, mpelelezi wa Ben Mtobwa, pia. Upande wa pili huwekwa "riwaya dhati", yaani zile zinazohesabiwa kuwa nzito. Mpaka huo waliuchora wahakiki. Riwaya dhati inaweza kuwa kipenzi chako, na riwaya pendwa inaweza kukuchosha ukurasa wa kumi.

3. Nasoma kila kitu. Nitajuaje ladha yangu?

Chukua karatasi. Andika riwaya tatu ulizozimaliza bila kulazimishwa na mtu. Chini ya kila moja, bila kufungua kitabu, andika kitu cha kwanza kinachokujia: mtu, mahali, sentensi, tukio, au hali ya moyo. Usijipambe.

Kwetu yupo mwenzetu dereva wa bajaji aliyekuwa akisema yeye hana ladha, anasoma anachokiokota kwenye vitabu vya mtumba pale Posta. Akaandika tatu zake: moja ya kijasusi, moja ya kijijini, moja ya kutafsiriwa. Hazifanani hata jalada. Lakini chini ya zote tatu alikuwa ameandika jambo lile lile kwa maneno tofauti: mtu anarudi nyumbani baada ya muda mrefu, anakuta mlango umebadilishwa. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe." Tangu siku ile hachagui kitabu kwa aina. Anauliza kwanza kama kuna mtu anayerudi.

## Lugha

4. Kwa nini kitabu kingine kinanichosha kabla hata kisa hakijaanza?

Kwa sababu sikio linaamua kabla ya akili. Msomaji wa Kiswahili amelelewa na methali, mafumbo, mipasho na utani. Anaposoma, anasikia. Sentensi isiyo na mwendo humkera kama mwimbaji aliyetoka kwenye ufunguo, hata kama hawezi kusema kosa liko wapi.

Hapa watu hugawanyika vibaya sana. Wapo wanaotaka Kiswahili kilichonyooka, sentensi fupi, jambo lisemwe liishe. Wapo wanaotaka lugha iliyoremba, wasome sentensi moja mara mbili kwa utamu wake. Hawa wa pili hupenda nathari ya Shaaban Robert, ambaye alikuwa mshairi hata alipoandika riwaya. *Kusadikika* yake ya 1951 ina aya unazoweza kuzighani. Wale wa kwanza huiona kama hotuba ndefu. Nimeacha kuwapatanisha.

Jaribio langu dukani: soma ukurasa wa katikati kwa sauti ya chini. Usisome wa kwanza, maana wa kwanza kila mwandishi ameupiga pasi. Ukijikwaa mara tatu, rudisha.

5. Riwaya imejaa Kiswahili cha Unguja, au cha Kenya, na mimi ni wa bara. Nitaipenda kweli?

Mara nyingi ndicho kitakachokufanya uipende, ukivumilia kurasa ishirini za mwanzo. Neno "skuli" badala ya "shule", au mtu kuitwa "ami" (ndugu wa baba), linakuambia uko kwa nani kabla mwandishi hajaeleza. Msomaji mmoja kutoka Mbeya aliniambia *Vuta n'kuvute*, riwaya nyingine ya Shafi, ilimsumbua mwanzoni tangu jalada, kwa sababu ya ile "n" yenye alama ya ritifaa. Leo ukimkosea kitu anakujibu kwa Kiunguja cha kuigiza, na anakiharibu vizuri.

Kama unakatizwa na msamiati, usisimame kila neno na kamusi. Piga mstari kwa penseli, endelea, rudi mwisho wa sura. Nusu ya maneno yatakuwa yamejieleza yenyewe.

6. Je, tafsiri inaweza kuwa kipenzi?

Inaweza, na kwa wazee wetu wengi ilikuwa. Kizazi kilichosoma vitabu vya enzi za ukoloni kinakumbuka *Mashimo ya Mfalme Sulemani* kana kwamba Kiswahili ndiyo lugha yake ya kuzaliwa. Siku hizi wapo waliokutana na Abdulrazak Gurnah kwa *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022, baada ya Nobeli ya 2021 kuwafanya watu waulize mwandishi huyu mzaliwa wa Zanzibar anasomwa wapi kwa lugha ya kwao. Mwenzetu mmoja alisema kuisoma kwa Kiswahili ni kama kuona picha ya nyumba yenu, kisha kuingia ndani. Kumbuka tu kwamba unaipenda kazi ya mikono miwili. Ukisikia mwendo mtamu, uliza mfasiri ni nani.

## Watu na kisa

7. Lazima nimpende mhusika mkuu?

Lazima utake kujua atafanya nini. Kumpenda ni shauri lako.

Mfano ninaoutumia ni Maksuudi wa *Utengano*, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya 1980. Ni tajiri mnafiki, anamfungia binti yake Maimuna ndani, na hana haya. Tulipoisoma, dada mmoja alitupa kitabu mezani, kweli alikitupa, mpaka chai ikamwagika. Mwezi uliofuata alikuja ameshamaliza na ameanza upya. Nilipomuuliza imekuwaje, akasema: "Namchukia kama ninavyomchukia mtu ninayemjua." Kwake hilo ndilo linalokifanya kitabu kipenzi: chuki yenye anwani.

Wengine hawawezi. Wanahitaji angalau mtu mmoja wa kumwombea dua. Kama ni wewe, usijilazimishe kusoma visa vya watu waovu mtupu eti kwa sababu vimesifiwa.

8. Kuna tofauti gani ikisimuliwa kwa "mimi" au kwa "yeye"?

Kubwa kuliko watu wanavyodhani. "Mimi" hukukalisha karibu na msimulizi, hata akiwa anajidanganya. Kazimoto wa *Kichwamaji*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya 1974, anasimulia mwenyewe. Wapo waliomwona ndugu yao na wapo waliotamani wamzabe kofi, lakini sijapata aliyesema hakumbuki sauti yake.

Ipo njia ya katikati ninayoipenda: anayesimulia ni rafiki wa mwenye akili. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla mwenye kiko mdomoni, tunamwona kupitia Najum, na Najum huwa nyuma hatua moja kama sisi. Tunachelewa pamoja, na hiyo ni raha.

9. Napenda kisa kinachokimbia. Je, mimi ni msomaji mwepesi?

Nani kasema? *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyomtambulisha Bwana Msa, ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957/58, ikachapishwa 1960, na hadi leo hutajwa kila historia ya riwaya ya Kiswahili inapoandikwa. Nayo ni kisa cha mauaji kinachokwenda mbio.

Mwendo ni hitaji la mwili pia. Anayesoma kwenye daladala kutoka Mbagala, amesimama, mkono mmoja umeshika bomba, anahitaji sura fupi zenye ndoano mwishoni. Anayesoma usiku watoto wakishalala anaweza kumudu ukurasa mzima wa mvua. Mtu mmoja anaweza kuwa wasomaji hawa wawili katika wiki moja.

10. Na ile isiyo na kisa kabisa? Kuna watu wanaapa kwa *Nagona*.

Wapo, na hawajifanyi. Katika *Nagona* (1990) Kezilahabi aliachana na msuko wa kawaida: matukio hayafuatani kwa sababu na matokeo, ni kama ndoto. Anayeipenda kwa kawaida ni mtu anayependa kufumbua, yule aliyekuwa wa kwanza kwenye vitendawili. Mimi nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilielewa sentensi. Ya pili nilielewa kwamba nilikuwa sijaelewa sentensi. Sijasema ni kipenzi changu.

11. Nikiambiwa mwisho, riwaya imeharibika?

Kwa wengine ndiyo, na waheshimiwe. Lakini mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Leavitt na Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi, wengine wakifichuliwa mwisho kabla ya kusoma. Kwa jumla waliofichuliwa walizifurahia zaidi. Zilikuwa hadithi fupi, si riwaya, kwa hiyo tusilipeleke mbali.

Sisi tuliolelewa na ngano tunalijua jambo hili bila utafiti. Hakuna mtoto asiyejua kwamba Sungura atamzidi Fisi, na bado anataka bibi asimulie tena, na akiruka kipande anamrekebisha. Ukiona unaweza kuisoma riwaya ukiujua mwisho, na bado moyo unakwenda mbio pale pale, hiyo imeshakuwa kipenzi.

## Mahali na wakati

12. Kwa nini riwaya ya mtaani kwetu hunigusa hata ikiwa ya kawaida tu?

Kwa sababu unaijazia mwenyewe. Mwandishi akitaja Ng'ambo, mtaa wa Unguja, kama pale Yasmin wa *Vuta n'kuvute* anapotoroka nyumba ya mumewe mzee na kuhamia kwa rafiki yake Mwajuma, aliyekulia Ng'ambo hapewi jina tu. Anapata na harufu, na kelele, na kona aliyoangukia na baiskeli. Nusu ya kitabu ni yake.

Kinyume chake kipo pia. Kipenzi kinaweza kuwa mahali usipopajua, ukapafanya kwako. *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996) inamtoa Kongowea kijana Tanga na kumpeleka Kenya kumtafuta baba yake. Nimekutana na Wakenya walioijua Tanga kutoka humo kabla hawajavuka mpaka wa Lungalunga. Mmoja alipofika hatimaye alilalamika kwamba Tanga imekosea.

13. Kwa nini zangu zote ni zile za ujanani?

Watafiti wa kumbukumbu wamegundua kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya kati ya miaka kumi na thelathini hivi. Riwaya uliyoisoma umri huo imefungwa pamoja na bweni, na mpenzi wa kwanza, na taa ya chemli. Ukiifungua, vyote vinatoka.

Hilo halimaanishi mlango umefungwa. Mama mmoja kwetu alipata kipenzi chake akiwa na miaka sitini na moja, baada ya kustaafu na kufiwa na mume. Kipindi chochote kinachokugeuza maisha kinaacha mlango wazi: kuhama, kuuguza, kujifungua, kufiwa.

14. Ile tuliyoisoma kwa ajili ya mtihani naweza kuipenda?

Ukiipa muda ipone. Nakala yangu ya *Kuli* nilinunua mkononi. Haina jalada, mgongo umezibwa kwa gundi ya karatasi, na mwanafunzi fulani ameandika pembeni kwa penseli, "DHAMIRA: umoja", tena na tena, karibu kila sura. Kuna ukurasa mmoja tu ambapo, badala ya dhamira, ameandika "duh!" Nikifika hapo huwa namsalimia. Pale mtihani ulimponyoka, akasoma.

Mitihani hufundisha kuvuna: dhamira, ujumbe, fani, falsafa ya mwandishi. Msomaji anayechambua ili ajibu swali hawezi kuzama, na kuzama ndiko watafiti Green na Brock walikokuita, mwaka 2000, kusafirishwa na simulizi. Hata hivyo ndiyo njia pekee ambayo wengi wetu tulipata riwaya mkononi, kwa hiyo siilaani. *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, kwa mfano, ilitoka 1971, ikazuiwa kutumika shuleni kwa sababu ya namna ilivyoeleza mambo ya ngono, baadaye ikaruhusiwa. Waliosoma kwa kujificha wanaisimulia kwa macho yanayong'aa. Walioisoma darasani wanakupa hoja tano. Kitabu ni kimoja.

Ushauri: isome tena bila penseli, angalau miaka mitano baada ya mtihani.

## Hali nyingine

15. Kipenzi changu nilikisoma kwa vipande WhatsApp. Kinahesabika?

Kinahesabika. Riwaya za vipande si jambo jipya. Magazeti yamezichapisha miaka mingi kabla ya simu, na "itaendelea" ni neno ambalo limetutesa vizazi. Ile arosto ya kungoja sehemu ya kumi na nne, mwandishi kaanza kuomba watu wachangie kidogo ili aiachie, ni sehemu ya mapenzi yenyewe.

Ila jaribu kuisoma yote mfululizo mara moja. Nyingine hubaki tamu. Nyingine utagundua ulichokipenda ni kungoja, na watu mliokuwa mkingoja nao kwenye kundi.

16. Nimerudia kipenzi cha zamani, hakinigusi tena. Kimeharibika au nimeharibika mimi?

Hakuna aliyeharibika. Mara nyingi umepoteza ule msamaha wa swali la 1: kosa ulilokuwa ukilipita sasa linakuzuia njia. Nilikuwa na riwaya moja ya mapenzi niliyoisoma mara nne nikiwa kidato cha tatu. Niliirudia nikiwa na binti wa umri huo, na kila alichokifanya yule kijana wa kwenye hadithi nilikiona kwa macho ya baba. Sikuweza kuendelea. Nimeihifadhi rafuni, lakini sitaifungua.

17. Naruhusiwa kuacha katikati kitabu ambacho kila mtu anakisifu?

Ndiyo. Mwandishi wa Kifaransa Daniel Pennac aliorodhesha mwaka 1992 haki kumi za msomaji. Ya pili ni kuruka kurasa, ya tatu ni kutomaliza kitabu. Kikwetu tunaongeza sharti moja: ukikiacha, sema uliachia ukurasa wa ngapi, usikiponde kana kwamba ulifika mwisho.

18. Mume wangu anaidharau riwaya ninayoipenda. Nifanyeje?

Usimpe tena. Kuna watu walitaka kuisukuma kwa wenzao mpaka wakaichukia wenyewe. Kama lazima mzungumze, mwombe akutajie yeye anasamehe nini kwenye vitabu vyake (swali la 1 tena). Mazungumzo huwa marefu, na angalau mnacheka.

19. Lazima nieleze kwa nini naipenda?

Pennac tena: haki ya kumi ni kunyamaza. Kwetu kuna bibi mmoja ambaye kwa miaka miwili, kila tukimfikia kwenye duara, husema tu "kizuri" na kumpa kijiti wa pembeni yake. Kitabu chake kimefunikwa kwa kipande cha kanga, hatujui hata jina lake. Niliwahi kumwomba aniazime. Akaniambia chai yangu inapoa.